Amepona saratani, mbona bado hajarudi kwenye kasi yake?

Tarehe 4 Aprili 2021, jijini Tokyo, Rikako Ikee aligusa ukuta baada ya mita 100 za mtindo wa kipepeo, akageuka kutazama ubao wa matokeo, akaona sekunde 57.77, akaangua kilio. Alikuwa bingwa wa Japani kwa mara nyingine, na muda huo ulimpa nafasi katika kikosi cha kuogelea kwa kupokezana kwenye Olimpiki. Miaka miwili na ushei kabla ya hapo, Februari 2019, alikuwa ameutangazia umma kwamba ana lukemia, yaani saratani ya damu. Alikuwa na miaka 18.

Habari kama hii ikitua kijiweni kwetu, maoni hugawanyika upesi. Wapo wanaosema ni muujiza mtupu. Wapo wanaosema hakuwa na saratani hata kidogo, madaktari walikosea, maana saratani haiponi. Halafu kuna wale wanaoukumbuka mkasa wa Lance Armstrong, mwendesha baiskeli Mmarekani aliyepona saratani kisha akavuliwa mataji yake kwa kutumia dawa haramu, ambao huuliza kwa sauti ya chini: hizo dawa alizopewa hospitali zilikuwa na nini ndani?

Wote hao, pamoja na kutofautiana kwao, wanachanganya mambo mawili. Kupona saratani ni jambo moja, na kurudi kwenye kiwango cha juu cha michezo ni jingine. La kwanza hupimwa maabara, la pili hupimwa kwa saa ya mwamuzi. Mtu anaweza kulipata la kwanza na kulikosa la pili maisha yake yote. Ikee mwenyewe ni mfano: 57.77 ilimtoa machozi ya furaha, lakini mwaka 2018, kabla hajaugua, aliwahi kuogelea umbali huohuo kwa 56.08. Kwa mtu wa kawaida tofauti hiyo haipo. Kwenye bwawa la Olimpiki ni tofauti ya mtu anayegombea medali na mtu anayepambana kuingia fainali.

Kitalu cha damu

Saratani huanza pale seli zinapoacha kutii utaratibu. Seli ya kawaida huzaliwa, hufanya kazi yake, huchakaa na kufa. Seli ya saratani hujigawa bila kikomo na kukataa kufa. Aina zake ni nyingi mno, na hapo ndipo sentensi "saratani haiponi" inapoanza kuvuja, kwa sababu inazungumzia makumi ya magonjwa kana kwamba ni ugonjwa mmoja.

Tubaki kwenye lukemia. Ndani ya mifupa kama ya nyonga, kidari na uti wa mgongo kuna uboho, na uboho ndiko damu inakotengenezwa. Uchukulie kama kitalu cha miche. Kitalu hiki huotesha miche ya aina tatu: chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazolinda mwili dhidi ya maradhi, na chembe sahani zinazofanya damu igande mtu akijikata. Lukemia ni gugu lililoota ndani ya kitalu chenyewe. Linazaana, linajaza matuta, na miche halali inakosa nafasi. Mgonjwa anaanza kuchoka bila sababu, anapata homa zisizoisha, anavilia damu kwenye ngozi, fizi zinatoka damu.

Kwa mwanamichezo dalili hizo ni mtego. Nani asiyechoka akiwa kambini? Ikee alikuwa Australia kwenye kambi ya mazoezi alipojisikia vibaya, ikabidi akatishe kambi na kurudi nyumbani, ndipo vipimo vikaonyesha. Mazoezi hayakumletea ugonjwa, kama wengine wanavyodhani. Hakuna ushahidi kwamba kufanya mazoezi makali husababisha lukemia, na wala haiambukizwi kwa kugusana au kuogelea bwawa moja na mgonjwa.

Gugu hili haliwezi kukatwa kwa kisu kwa kuwa halikai mahali pamoja. Limo ndani ya damu, linazunguka mwili mzima. Tiba yake kuu ni tibakemikali, ile ambayo wagonjwa huiita kemo kwa kifupi. Dawa hizi huziwinda seli zinazojigawa haraka. Shida ni kwamba hazichagui vizuri. Vinyweleo navyo hujigawa haraka, na utando wa mdomo na utumbo, na miche halali ya uboho. Ndiyo sababu nywele hudondoka, mdomo huota vidonda, chakula hakishuki, na damu hupungua hata baada ya gugu kuanza kufa.

Kwa wagonjwa wengine kemo inatosha, ingawa kwa lukemia kali ya limfu, aina aliyougua Ikee, matibabu ya kawaida yanaweza kuchukua miaka miwili hadi mitatu, sehemu kubwa ikiwa ni vidonge vya kumezea nyumbani. Wengine hulazimika kupandikizwa: kitalu kizima kinasafishwa kwa dozi kubwa ya dawa, wakati mwingine na mionzi, kisha zinaingizwa seli mpya za kuzalisha damu. Haziingizwi kwa upasuaji wa kutisha. Zinapita kwenye mshipa kama mtu anayeongezewa damu, nazo zenyewe hujua njia ya kwenda kwenye uboho. Ikee alipandikizwa baada ya kemo kumletea matatizo yaliyozuia tiba isiendelee ilivyopangwa. Aliruhusiwa kutoka hospitali Desemba 2019, baada ya takriban miezi kumi.

Sasa, daktari anaposema ugonjwa umetulia kabisa, maana yake ni kwamba vipimo havioni tena seli za saratani. Hajasema kwamba hazitarudi. Miaka ikipita bila ugonjwa kurudi, uwezekano wa kurudi hupungua, na kwa saratani nyingi za utotoni, ukishapita mwaka wa tano wataalamu huanza kulitumia neno kupona bila kigugumizi. Kwa hiyo wanaosema "haiponi" wamekosea, na wanaosema "amepona" siku ileile mgonjwa anapotoka wodini wamewahi.

Kila kiungo na ratiba yake

Hapa ndipo penye kiini cha mkanganyiko, na ndipo taarifa za magazeti hupita mbio. Mwili haurudi wote kwa pamoja. Kila sehemu ina ratiba yake.

Damu hutangulia. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kwa hiyo uboho ukianza kazi vizuri, ndani ya miezi michache kiwango cha damu kinaweza kuwa cha kawaida. Lakini "kawaida" ya maabara ni pana. Mwanamke mwenye hemoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ya gramu 12 kwa desilita ni mzima wa afya. Muogeleaji ambaye alizoea kuwa na 14 akishuka hadi hiyo 12 amepoteza sehemu ya oksijeni iliyokuwa inamfikisha mita za mwisho. Daktari atamwambia uko sawa. Saa itamwambia vingine. Na wote wawili wanasema kweli.

Misuli huja nyuma. Miezi ya kulala, kichefuchefu na dawa za jamii ya steroidi, ambazo hula misuli ya mapaja na mabega, humwacha mtu akiwa amekonda hata asijitambue. Ikee alipoteza zaidi ya kilo 15. Steroidi hizi si zile za kujenga misuli wanazotumia wadanganyifu; ni jamii nyingine kabisa, nazo hufanya kinyume.

Mishipa ya fahamu ina subira yake. Dawa iitwayo vinkristini, ambayo hutumika sana kwa lukemia, huweza kufisha ganzi vidole na kudhoofisha misuli inayonyanyua mguu. Neva zinazokua upya husogea kama milimita moja kwa siku. Pima umbali kutoka gotini hadi kidoleni uone ni miezi mingapi. Mkimbiaji asiyehisi ardhi vizuri hawezi kuondoka kwa kasi kwenye mstari, hata kama moyo na mapafu yake yako tayari.

Kisha kuna viungo ambavyo huenda visirudi vilivyokuwa. Dawa za kemo za jamii ya doksorubisini huweza kudhoofisha misuli ya moyo, wakati mwingine miaka mingi baada ya tiba, na ndiyo maana kuna kikomo cha kiasi ambacho mtu anaweza kupewa maishani. Mwanamichezo aliyepewa dawa hizo hupimwa moyo kwa kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kabla ya kurudi kwenye mazoezi mazito, na huendelea kupimwa kila baada ya miaka kadhaa hata akishastaafu. Bleomisini, dawa nyingine ya kemo ambayo hutumika kwa saratani za korodani na baadhi ya saratani za tezi za limfu, inaweza kuacha makovu kwenye mapafu. Armstrong alipougua mwaka 1996, mchanganyiko wa dawa zake ulibadilishwa makusudi ili kuyanusuru mapafu ya mwendesha baiskeli. Na zile steroidi, zikitumika kwa muda mrefu kwa vijana, zinaweza kukata damu kwenye kichwa cha mfupa wa nyonga au kwenye goti, mfupa ukafa polepole wakati mwenyewe anadhani ni maumivu ya mazoezi.

Kinga ya mwili ni habari ndefu zaidi. Aliyepandikizwa uboho ana kinga changa kama ya mtoto, na hulazimika kurudia chanjo alizochanjwa utotoni. Bwawa la kuogelea kwa mtu huyo ni mahali pa hatari, zaidi ikiwa bado ana mrija wa dawa kifuani. Ikee aliingia tena majini Machi 2020, baada ya siku 406. Agosti mwaka huo alishindana kwa mara ya kwanza tangu augue, mita 50 mtindo huru, akamaliza kwa 26.32. Miezi saba baadaye ndipo ikaja ile 57.77, na katika mashindano yaleyale akaondoka na mataji manne.

Hapo bahati ilimpitia mlangoni. Olimpiki ya Tokyo ilikuwa ifanyike 2020, na yeye alikwisha kuikatia tamaa. Lengo alilolitangaza lilikuwa Paris 2024. Korona ikaisogeza hadi 2021. Aliogelea katika timu za kupokezana, yeye na wenzake wakaingia fainali ya mitindo mchanganyiko ya wanawake, wakamaliza wa nane. Mwaka 2023, kwenye Michezo ya Asia huko Hangzhou, alipata shaba ya mita 50 kipepeo. Miaka mitano kabla, kwenye michezo hiyohiyo Jakarta, alikuwa ametwaa dhahabu sita na kutajwa mchezaji bora, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Paris alifika kweli, safari hii kwa mbio zake binafsi za kipepeo, akaishia nusu fainali. Hadi wakati huo 56.08 ilikuwa bado haijarudi.

Ukiisoma orodha hiyo kwa jicho la medali utaona mtu aliyeporomoka. Mimi naiona kama moja ya kazi kubwa zaidi zilizowahi kufanywa na mwanamichezo yeyote, na nadhani makocha wangekubali.

Waliopambana na waliolala

Mara nyingi simulizi hizi huishia kwenye kauli kwamba alishinda kwa sababu alipigana. Maarten van der Weijden wa Uholanzi ana neno la kusema kuhusu hilo. Mwaka 2001, akiwa anagonga mlango wa miaka 20, alikutwa na lukemia, akapewa kemo na kupandikizwa. Agosti 2008, Beijing, alishinda dhahabu ya kilomita 10 za kuogelea, mara ya kwanza mbio hizo kuwemo kwenye Olimpiki, akimzidi David Davies wa Uingereza kwa sekunde moja na nusu baada ya karibu saa mbili majini.

Aliyekuwa kwenye nafasi nzuri zaidi ya kujisifu kwa ushujaa akakataa. Alieleza kwamba fikra ya Armstrong ya kuushinda ugonjwa kwa kupigana ni ya hatari, kwa sababu inawafanya waliokufa waonekane hawakupigana vya kutosha. Yeye, alisema, alilala kitandani na kuwaachia madaktari. Alichojifunza huko ni subira, kwenda hatua kwa hatua, na ndicho alichokitumia kwenye mbio: kukaa nyuma ya wenzake, kuokoa nguvu, kusubiri nafasi.

Nisieleweke kwamba mgonjwa hana la kufanya. Zamani aliambiwa apumzike tu. Ushauri wa sasa umegeuka: mazoezi mepesi wakati wa tiba na baada yake, kwa kadiri damu na moyo vinavyoruhusu, hupunguza uchovu na kuokoa misuli. Ila mazoezi hayaui saratani. Kazi hiyo ni ya dawa.

Na dawa je?

Swali la wale wa kundi la Armstrong si la kijinga. Baadhi ya dawa za hospitali kweli zimo kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku michezoni. Prednisoloni na deksamethasoni za kumeza haziruhusiwi wakati wa mashindano. EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu, ni marufuku wakati wote, na madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa wenye upungufu wa damu. Hata kuongezewa damu ni marufuku.

Utaratibu uliopo ni kibali cha kutumia dawa kwa ajili ya tiba. Mwanamichezo hupeleka rekodi za hospitali kwa taasisi inayosimamia, ambayo Kenya kwa mfano ni ADAK, wakala wa kupambana na dawa haramu michezoni, na jopo la madaktari hutazama kama ugonjwa upo kweli, kama hakuna dawa nyingine ya kufaa, na kama dawa hiyo itamrudisha kwenye afya yake ya kawaida tu bila kumzidishia. Kibali kina tarehe ya mwisho, na vipimo vya kushtukiza vinaendelea kama kwa mtu mwingine yeyote. Armstrong hakuvuliwa mataji yake saba ya mbio za Tour de France mwaka 2012 kwa sababu ya kemo. Alivuliwa kwa kutumia dawa na mbinu haramu ili ashinde.

Kwa nini umri wa ujana una uzito wake

Mtu wa miaka 28 akiugua, anarudi kwenye mwili aliokwisha kuumaliza kuujenga. Kijana wa miaka 16 au 18 anaugua mwili ukiwa bado unajengwa. Miaka ile ambayo wenzake wanaongeza urefu, nguvu na ufundi, yeye yuko wodini, na haiwezi kuongezwa mwishoni kama dakika za majeruhi. Dawa zinagusa mifupa inayokua na homoni za balehe. Zinaweza pia kugusa uwezo wa kuzaa, jambo ambalo familia nyingi huona haya kuliuliza, nalo lataka kuulizwa kabla ya kemo kuanza, kwa maana mbegu au mayai yanaweza kuhifadhiwa kabla, lakini baada huenda ikawa mmechelewa.

Tena vijana huangukia katikati: wamepita umri wa wodi ya watoto, hawajafika ya watu wazima. Na wengine hawarudi kwenye mchezo wao wa awali kwa sababu tiba imechukua kiungo. Terry Fox wa Kanada alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu chuoni alipokatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa, akiwa na miaka 18. Alicheza kikapu cha viti vya magurudumu, kisha mwaka 1980 akakimbia kwa mguu wa bandia kilomita 5,373 kukusanya fedha za utafiti, hadi saratani iliporudi mapafuni. Alifariki mwaka uliofuata.

Goti la mchezaji

Ukanda wetu una haki ya kuliongelea hili kuliko tunavyodhani. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya aliouona kwa watoto Uganda, saratani ambayo leo ina jina lake. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa Mulago mwaka 1967, na ni huko Kampala ilikoonekana kwamba watoto wengi wenye saratani hiyo wanaweza kupona kwa dawa peke yake. Wakati huo sehemu kubwa ya dunia ilikuwa bado haiamini. Kwa hiyo anayesema saratani haiponi anapingana na historia ya jirani yake.

Lakini takwimu za Shirika la Afya Duniani zinauma: katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Lengo la dunia ni asilimia 60 ifikapo 2030. Sehemu ya pengo hilo ni gharama na uhaba wa vituo, ingawa kuna hatua: upandikizaji wa uboho umeshaanza katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto wenye selimundu. Sehemu nyingine ya pengo ni kuchelewa, na hapo kocha wa shule ana nafasi kubwa kuliko anavyojua.

Saratani ya mfupa inayowapata zaidi vijana, osteosakoma, hupenda kuanzia karibu na goti, katika miaka ileile mtoto anaporefuka kwa kasi na kucheza mpira kila jioni. Goti linauma, watu wanasema kaumia mazoezini. Anachuliwa kwa maji moto, anakandwa, anafungwa bendeji, anapelekwa kwa mtaalamu wa jadi wa kuunga mifupa. Uvimbe unaendelea. Wengine huogopa hospitali kwa imani kwamba kisu kikigusa saratani inasambaa. Kuchukua kinyama cha kupima ndiyo njia ya kujua ni ugonjwa gani, na kwa mfupa hufanywa vizuri zaidi kikipangwa na timu itakayofanya upasuaji wenyewe. Kinachoipa saratani muda wa kusambaa ni hiyo miezi ya kukandwa.

Jeraha la mpira hupungua siku zinavyokwenda. Maumivu yanayoongezeka wiki baada ya wiki, yanayomwamsha mtoto usiku, yasiyojali kama amecheza au amepumzika, pamoja na uvimbe mgumu juu au chini ya goti, hayo si ya kuchua. Vivyo hivyo uchovu unaofuatana na homa za kujirudia, ngozi kuvilia bila kugongwa na fizi kutoka damu ni wa kupimwa picha nzima ya damu. Eksirei ya goti na kipimo hicho cha damu ni vya kawaida, havihitaji hospitali ya rufaa, na majibu yake mara nyingi yanatosha kumfanya daktari aandike barua ya kumpeleka mbele siku hiyohiyo.